Hilali Irudi, Ncha Nyeupe Ipunguzwe

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza ni mtindo upi wa zamani wa kucha unaostahili kurudi, na ufanyiwe marekebisho gani ili uweze kuvaliwa leo kazini na nyumbani bila kumfanya mwenye nao aonekane kama anaelekea jukwaani. Jibu langu ni mtindo wa nusu mwezi uliopendwa katika miaka ya 1920 na 1930, ambao rangi hupakwa katikati ya ukucha, na ile hilali nyeupe iliyo kwenye shina lake huachwa wazi. Ninauchagua kwa sababu katika mtindo huu sehemu isiyopakwa ndiyo inayofanya kazi kubwa, na hilo ndilo linalotafutwa na kila mtu anayedai kupenda urembo usio na mambo mengi.

Hilali hiyo haiwezi kuonekana vizuri bila rangi nzito. Kampuni ya Revlon, iliyoanzishwa nchini Marekani mwaka 1932 na ndugu wawili, Charles na Joseph Revson, pamoja na mkemia Charles Lachman, ilijipatia jina kwa rangi ya kucha iliyofunika ukucha kabisa, kwa kuwa ilitengenezwa kwa chembechembe za rangi zisizopitisha mwanga. Rangi ya aina hiyo huacha ukingo ulio wazi kwa macho, ilhali rangi nyepesi huufifisha mpaka, na hilali isiyo na mpaka hufanana na ukucha uliopakwa kwa haraka na mtu aliyekuwa akichelewa. Kwa sababu hiyo ningeanza na nyekundu iliyoiva, au damu ya mzee iliyokolea hadi kukaribia weusi, ile ambayo Chanel iliipa umaarufu mpya katikati ya miaka ya 1990 kwa jina la Rouge Noir. Rangi za maziwa na waridi hafifu, ambazo watu wengi hudhani ndizo za kiasi, hazifai hapa isipokuwa kama tabaka la chini.

Faida kubwa zaidi, ambayo sioni ikitajwa mara nyingi, inatokana na jinsi ukucha unavyokua. Ukucha wa mkono husogea mbele kwa takriban milimita 3 kila mwezi, kwa hiyo aliyepaka ukucha mzima huanza kuona ufa usio na rangi karibu na nyama kabla hata rangi yenyewe haijachakaa. Kwenye nusu mwezi ufa huo hauna mahali pa kuonekana, kwa maana unaungana na sehemu iliyokwisha kuachwa wazi, na hilali inarefuka kidogo tu bila umbo lake kuvunjika. Mchoraji mwangalifu huanza na hilali ndogo kuliko anayoitaka, ili siku za mbele ziikuze badala ya kuiharibu. Kwa hoja hiyohiyo ninaupinga mtindo unaouzwa siku hizi kama mrithi wa nusu mwezi, yaani ule wa kupaka mstari mwembamba wa dhahabu au fedha unaofuata nyama ya ukucha. Siku ya kwanza hupendeza sana, lakini mstari huo umewekwa mahali ambapo ukuaji huonekana mapema kuliko pengine popote, na baada ya juma moja huwa umeliacha shina na kuelea peke yake.

Marekebisho ninayoyapendekeza si mengi. Zamani ncha nayo iliachwa bila rangi mara nyingi, na kucha zilichongwa zikawa ndefu na nyembamba kama lozi. Leo ningeipaka ncha hadi kwenye ukingo wake wa mbele, kwa sababu hapo ndipo rangi huanza kubanduka, kisha ningezikata kucha fupi, zenye umbo la duara linalofuata kidole. Aidha, hilali ya asili huonekana wazi kwenye kidole gumba na mara nyingi haionekani kabisa kwenye kidole cha mwisho. Anayejaribu kuifuata hilali yake halisi ataishia na kucha zisizolingana, kwa hiyo ni bora kuchora tao moja kwa uwiano wa kila ukucha. Sehemu iliyoachwa wazi pia haifichi kitu: rangi zilizokolea zikipakwa bila tabaka la chini huacha umanjano kwenye ukucha, na hapo ndipo ile waridi ya maziwa inapopata kazi yake.

Katika kupaka, vibandiko vya duara vinavyotumika ofisini kuimarisha matundu ya karatasi vinafaa kama vile vinavyouzwa kwa ajili ya kucha. Tabaka la chini lazima likauke kabisa kabla ya kubandika, na kibandiko kiondolewe wakati tabaka la mwisho la rangi bado ni bichi, kwa sababu likishakauka hung'oka pamoja nacho na kuacha ukingo uliochanika. Kwenye ukingo hubaki kituta kidogo kinachohisiwa kwa kidole. Tabaka la juu lisilo na rangi, likipitishwa hadi ndani ya hilali, hukisawazisha.

Najua wasomaji wengi watapendekeza ncha nyeupe ya Kifaransa, ambayo kwa kawaida huhusishwa na Jeff Pink, mwanzilishi wa kampuni ya ORLY, aliyewahudumia waigizaji wa Hollywood katika miaka ya 1970 walipohitaji kucha zinazokubaliana na kila vazi. Sina ugomvi nayo, mradi ule ukanda mpana wa miaka ya 1990 upunguzwe hadi uzi wa milimita moja, kwani ukanda mpana kwenye ukucha mfupi huufanya uonekane mfupi zaidi. Michoro ya pembetatu na miraba ya nyeusi na nyeupe kutoka miaka ya 1960 naiachia ukucha mmoja kwa kila mkono, basi.

Mtindo wa nusu mwezi hauhitaji rangi ya jeli. Jeli hugandishwa chini ya taa ya miale ya urujuanimno, na baadhi ya viambato vyake huwaletea watu mzio. Kimojawapo cha viambato vinavyosaidia kugandisha, TPO, kimepigwa marufuku katika vipodozi vya Umoja wa Ulaya tangu tarehe 1 Septemba 2025 kwa hofu ya madhara yake kwenye uzazi. Watu huvumilia hayo yote ili rangi idumu majuma mawili au matatu, lakini hilali tayari imelitatua tatizo la shina, na kinachobaki ni ncha tu. Ncha iliyobanduka kwenye rangi ya kawaida hurekebishwa kwa brashi nyembamba, tone moja la rangi ileile na tabaka jipya la juu, bila kuigusa hilali.