Mtu wako akiendesha baiskeli kwa ajili ya wagonjwa, wewe usiwe mtu wa foto tu

Wiki hii mama mmoja wa komini (mtaa) ya Kenya, hapa kwetu Lubumbashi, ameniandikia. Kijana wake wa miaka 22 amejiandikisha kwenye safari ya baiskeli ya kuchangia watoto wenye SS, ule ugonjwa wa damu wa selimundu, Lubumbashi mpaka Likasi, mwezi wa nane. Anauliza: "Mama, mimi hata kupanda kinga (baiskeli) sijui, mtoto wangu nitamsaidia na nini?" Nilisoma ule ujumbe mara tatu na sikuweza kujibu palepale, sababu hilo swali mwaka jana mimi sikumuuliza mtu hata mmoja, nilijiona najua.

Bon, nianze na kwangu. Mtoto wangu wa pili ni SS. Mimi na baba yake wote ni AS, yaani tunaubeba ugonjwa kwenye damu bila kuugua, na tulioana bila kupima, na wazazi wakiwa AS wote wawili, kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne mtoto atoke SS. Chembe zake nyekundu za damu zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo, na hapo ndipo krizi, yale maumivu makali, inaanza. Baridi inazidisha. Nyinyi wa Lubumbashi mnaijua baridi ya mwezi wa sita, asubuhi unatoa moshi mdomoni kama mtu anayevuta sigara, sasa mtoto wa SS kwenye baridi hiyo analia mifupa usiku kucha na wewe unamkanda na maji ya moto mpaka kunakucha. Halafu hospitali wanaomba damu, unaanza kupigia ndugu simu mmoja mmoja.

Kwa hiyo mwaka jana vijana wa parokia walipotangaza safari ya baiskeli karibu na tarehe 19 Juni, siku ya dunia ya ugonjwa huu, mdogo wangu alikuja nyumbani akaniambia: "Yaya (dada), pesa ya kukupa sina, lakini miguu niko nayo." Nililia siku ile. Nikamwahidi nitakuwa nyuma yake njia yote.

Na ninyi mnaosoma hapa najua mna moyo huohuo, mnataka watu wenu wafike na watoto wapate dawa, ndiyo maana naeleza yote bila kuficha.

Likasi ni kama kilomita 120. Waliondoka saa 12 asubuhi, jua bado halijatoka vizuri. Mimi nilibaki pale pa kuondokea kupiga foto na watu wa parokia, kusalimia wakubwa, kupanga bendera ndani ya gari, na tulipotoka tukakuta mstari wa malori kwenye peaje (pa kulipia barabara), yale ya asidi yanayopanda kwenda migodini, tukakaa, tukakaa. Maji yake yalikuwa kwenye gari langu. Viazi vitamu vyake pia, nilivyochemsha mwenyewe usiku. Na tulikuwa tumepatana nini? "Nitakukuta njiani." Basi. Njiani wapi, hakuna aliyesema.

Sasa sikilizeni. Kabla ya Luisha, mji mdogo ulio njiani, nguvu zilimwishia. Mtu akikanyaga pedali kwa muda wa saa mbili, tatu bila kula, sukari iliyowekwa kwenye misuli inaisha, miguu inakuwa kama ya mtu mwingine, kichwa kinazunguka, mikono inatetemeka, na hapo kumwambia jikaze hakumsaidii, anahitaji chakula. Aliyemwokoa ni papa (mzee) mmoja wa makala (mkaa), wale wanaosukuma baiskeli yenye magunia matatu kuelekea mjini. Yule papa alisimamisha kinga yake kwa ule mti wa kuegemezea, akafungua bidoni ya njano, akamjazia munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, kikombe cha plastiki, akajaza cha pili. Hakumuuliza jina. Mdogo wangu akasukuma baiskeli mpaka Luisha akakaa chini ya mti kunisubiri mimi.

Nilipita. Nilikuwa kiti cha mbele, muziki juu, telefone mkononi nachukua video ya barabara. Yeye aliniona. Alisimama, akanyoosha mkono, na gari likapita. Nilifika Likasi nikasimama na bendera yenye jina lake mpaka saa 10 jioni, rezo (mtandao wa simu) ilikuwa inakatika kila dakika, na yeye akashuka kwenye lori la mahindi, baiskeli imelazwa juu ya magunia, hakunitazama. Alisema neno moja tu: "Ulipita."

Wiki saba hakukanyaga kwangu. Aliendesha kwa ajili ya mtoto wangu, mimi sikumpa hata chupa ya maji. Mpaka leo nikiandika hapa inaniuma.

Mwaka huu nilimwendea mwenyewe kumwomba. Mara ya kwanza alikataa, ya pili alinyamaza, ya tatu akasema sawa, lakini wewe utasimama mahali. Nikasimama! Alimaliza, kilomita zote, na nilikuwa wa kwanza kumshika, na nasema kwa kujivuna kwamba mwaka huu hakuna mwendeshaji pale aliyehudumiwa kama mdogo wangu.

Kwa hiyo mama, jambo la kwanza ni mahali. Panga naye mahali tatu, nendeni muone siku nyingine kabla, mti gani, duka gani, upande gani wa barabara, na uwepo pale kabla yake. Usimfuate na gari mgongoni, ile barabara ina malori, ukienda pole nyuma yake unamtafutia ajali. Tangulia, egesha nje ya lami kabisa, vaa nguo inayoonekana mbali. Mimi nilivaa kitenge cha njano, aliniambia alikiona kutoka juu ya kilima na akaongeza mwendo.

La pili, chakula, na chakula ni kabla ya njaa. Kila nusu saa aweke kitu mdomoni: ndizi, kitumbula, kiazi kitamu chenye chumvi kidogo. Maji anywe kidogo kidogo, kama nusu lita kwa saa, zaidi jua likipanda. Kitu asichokizoea usimpe siku ile, tumbo litamgeuka. Mahali pa kumpa chakula mmepanga, si ndiyo? Narudia, sababu watu wanasikia "chakula" wanasahau "mahali".

Tairi na breki apeleke kwa fundi wiki moja kabla, si usiku wa mwisho. Wewe beba pompa, viraka na gundi. Vaselini pia, apake panapokutana na kiti, msione haya, ngozi ikichubuka kwenye kilomita ya 50 hizo 70 zinazobaki ni mateso.

Na maneno! Usimwambie "umekaribia" wakati hajakaribia. Mwaka huu pale Luisha aliniuliza kumebaki ngapi, roho yangu ilitaka kumdanganya, nikamwambia ukweli, akanyamaza, akanywa, akasema "bon", akapanda. Akifika mwisho usimwache kwenye jasho asikilize hotuba, mvalishe koti palepale, mpe chai ya sukari, wakubwa watangoja.

Kuna upande mwingine watu hawaupendi. Ahadi. Mtu anasimama mbele ya kanisa, "mimi natoa dola moja kila kilomita", makofi, siku ya kulipa telefone imezimwa. Jamaa mmoja wa karibu kabisa alitufanyia hivyo, na mdogo wangu aliumia kuliko alivyoumia mapaja. Jamani, ukiahidi, lipa! Yule mtu ametoa mwili wake, wewe umetoa mdomo. Kama pesa huna nenda utoe damu, watoto wa SS wanaongezewa damu mara nyingi na hospitali zetu zinahangaika kupata watoaji. Na nyinyi vijana mnaopendana, pimeni elektroforezi, kipimo cha damu kinachoonyesha kama wewe ni AS au SS, kabla ya kupeleka mahari. Mimi sikupima. Nampenda mtoto wangu kuliko macho yangu, lakini sitaki mama mwingine akande mifupa usiku kama mimi.

Mama wa Kenya, mwezi wa nane baridi imepungua kidogo ila saa sita jua linachoma, ongeza maji. Mwambie kijana wako kwamba Luisha, upande wa kulia ukitoka huku, baada ya wale mama wanaouza mahindi ya kuchoma, kutakuwa na mtu mwenye kitenge cha njano. Simjui na yeye hanijui, haidhuru. Nitakuwa pale kuanzia saa 3 asubuhi na termosi ya chai, viazi na pompa. Na wewe njoo, tutakaa wawili.