Mashine Inayokula Stima Ikiwa Imekaa

Mnauliza, najibu.

Naambiwa nibadilishe pampu ya mashine yangu ya plastiki hapa Changamwe, niweke ya servo. Kweli itapunguza stima, au ni maneno ya muuzaji?

Yategemea mashine yako hungoja kiasi gani. Kwa mtindo wa zamani mota inayoendesha pampu ya oili ya kusukuma silinda huzunguka mara 1,450 hivi kwa dakika kutwa nzima, hata plastiki inapopoa ndani ya kalibu na silinda haisogei. Oili isiyo na kazi hupita kwenye valvu ikarudi tangini, na stima uliyoilipia ikaishia kuwa joto. Ndiyo maana tangi halishikiki ikifika alasiri. Servo hupunguza mwendo wa mota, au huisimamisha kabisa, mashine ikisubiri.

Basi shika saa uhesabu: sekunde ngapi silinda inasukuma, ngapi imetulia? Ikiwa utulivu ndio mwingi, nunua. Ikiwa yasukuma bila kupumzika, faida ni ndogo, na muuzaji anune akitaka. Ila usikubali kufungiwa inveta, kifaa cha kubadili mwendo wa mota, juu ya pampu kuukuu kabla ya kujua mwendo wake wa chini kabisa. Ikizunguka polepole mno hukosa ulainisho, ikaliwa.

Napiga rangi magari Jomvu. Bunduki ya rangi inatema maji.

Hilo ni fukuto letu la pwani. Kompresa ikibana upepo hadi presha ya ba 7, hewa ya madebe 8 huingia kwenye debe moja, mvuke wake wote umo. Ukipoa njiani, ni maji. Fungua koki ya chini ya tangi kila jioni, laza paipu kuu kwa mteremko, na matawi yatokee juu yake, si chini. Maji yakizidi kukusumbua, tafuta draya ya kupoza, mashine ya kukausha hewa, yadondoke humo badala ya kwenye boneti ya mteja.

Oili ya haidroliki, namba 46 au 68?

Fuata kitabu cha mashine. Kikiruhusu zote mbili, kwa joto la kaskazi mimi hutia 68, iliyo nzito zaidi.

Kijana wangu alipitisha kidole kwenye paipu ya forklifti akitafuta tundu. Pana kitone tu, hakiumi sana. Apakwe nini?

Huyu nilimjibu saa ile ile: asipakwe kitu, akimbizwe hospitali. Oili yenye presha hupenya ngozi kama sindano na kuua nyama kwa ndani, na huenda akahitaji kupasuliwa. Daktari aambiwe wazi ni oili ya haidroliki, maana kwa macho kidonda ni kama si kitu. Tundu hutafutwa kwa kipande cha katoni, mkono ukiwa mbali na paipu.