Katsu kari ya kuku nyumbani: mchuzi kwanza, kuku mwishoni

Katsu kari ya kuku ni chakula cha Kijapani: kuku aliyevishwa ganda la chenga za mkate na kukaangwa, akaliwa na wali na mchuzi wa kari. Ukitaka kuipika nyumbani, anza na mchuzi, ufuate wali, kuku awe wa mwisho kabisa. Nalisema hili mapema kwa sababu kila anayeniomba maelekezo huanza na maswali ya kukaanga, wakati raha yote ya chakula hiki iko kwenye ganda linalolia chini ya meno likikutana na mchuzi mzito wenye utamu kidogo. Kuku aliyekaangwa kisha akawekwa asubiri mchuzi uive, ganda lake limeshanywea.

Niliizoea nikiwa mwanafunzi Nagoya, Japani, katika mkoa wa Aichi, mkoa ule ule ilikoanzia mwaka 1978 migahawa ya kari ya CoCo Ichibanya. Unaingia, unachagua kiasi cha wali, ukali wa pilipili na kitu cha kuwekewa juu, na mimi nilikuwa sitoki kwenye kuku. Baadaye nikaanza kujipikia, na hadi leo naona ya nyumbani inaweza kuipita ya mgahawani kwa jambo moja: inaliwa dakika ile ile imetoka kwenye mafuta.

Mchuzi huu haufanani na ile michuzi yetu ya binzari, na historia yake inaeleza kwa nini. Kari haikufika Japani moja kwa moja kutoka India. Iliingia zama za Meiji, katika nusu ya pili ya karne ya 19, kwa mkono wa Waingereza, ambao walishazoea kuufanya mchuzi uwe mzito kwa unga wa ngano. Jeshi la majini la Japani likaipokea, na mpaka sasa wanamaji wao hula kari kila Ijumaa. Kwa hiyo msingi wake ni unga uliokaangwa kwenye siagi. Nyanya hazina kazi kubwa hapa. Na tui la nazi, ambalo mkono wa mtu wa pwani huliendea wenyewe, liache. Ukilitia utapata chakula kitamu, lakini kitakuwa kimeshaelekea upande wa kuku wa kupaka.

Kwa watu wanne, kata vitunguu maji viwili vikubwa, vyembamba, uvikaange kwa mafuta kidogo na moto mdogo mpaka vilainike kabisa na kuwa vya kahawia. Hapo ni kama nusu saa, na usiipunguze, maana utamu wa mchuzi unaanzia hapa. Ongeza kitunguu saumu, tangawizi na karoti mbili zilizokatwa ndogo ndogo, kisha supu ya mifupa ya kuku kama mililita 800, uache itokote polepole.

Pembeni, kwenye sufuria nyingine, yeyusha siagi gramu 50, utie unga wa ngano gramu 50, ukoroge kwa moto mdogo bila kuondoka. Pua itakuongoza kuliko saa. Mwanzo utasikia unga mbichi, baadaye harufu itageuka iwe kama ya biskuti zinazookwa, na rangi itahama kutoka njano kwenda kahawia. Hapo epua, ndipo utie vijiko viwili vya chakula vya bizari ya mchuzi na kijiko kimoja cha chai cha garam masala. Bizari huungua upesi, na joto lililobaki kwenye unga linaitosha. Chota supu ya moto kutoka sufuria kubwa, uichanganye humo kidogo kidogo mpaka mabonge yaishe, halafu mimina vyote kwenye sufuria kubwa.

Kisha kwangua nusu ya tufaha humo, ongeza kijiko cha chakula cha asali na kimoja na nusu cha sosi ya soya. Tufaha na asali ndivyo vilivyoipa jina Vermont Curry, kari ya vipande vikavu vya kuyeyusha kwenye supu, ya kampuni ya House, iliyoingia sokoni mwaka 1963, na Wajapani wengi wamekua na ladha hiyo. Acha ichemke taratibu dakika 20, ukikoroga hadi chini kwa sababu unga hushika sufuria. Onja chumvi. Kari ya kawaida ya nyumbani kule Japani huwa na viazi vikubwa, lakini juu yake pakija kuku aliyevishwa ganda, mimi huviacha, na mchuzi nauchuja uwe laini.

Vile vipande vya kari vya kwenye boksi vinafaa pia ukivipata, ila kwanza soma viungo. Vingi vina mafuta ya ng'ombe au ya nguruwe, na kwa anayekula halali hilo ni jambo zito. Vipo vya mafuta ya mimea pekee. Ukivitumia, zima moto kabla ya kuvitia, viyeyuke, ndipo uwashe tena moto mdogo.

Chenga za mkate ndizo zinazobeba ganda. Wajapani hutumia panko, chenga kubwa na nyepesi. Zile laini za rangi ya machungwa zinazouzwa kwenye pakiti hutoa ganda gumu na zito. Chukua mkate mweupe wa jana, kata kingo zote, weka vipande kwenye friza mpaka vikakamae, kisha uvikwangue kwa upande wa matundu makubwa wa kikwangulio cha karoti. Tandaza kwenye trei zikauke hewani saa moja hivi.

Kuku awe wa kisasa, sehemu ya kidari. Wa kienyeji ana ladha zaidi, lakini anahitaji muda ambao ganda halitamvumilia. Kipasue kidari kwa ubavuni kifunguke kama kitabu, kigonge kwa mti wa kusukumia chapati mpaka unene uwe sawa kila mahali, sentimita moja na nusu hivi. Paka chumvi na pilipili manga, kaa nacho dakika 20, halafu ukaushe kwa tishu. Usiruke kukausha, kwa sababu unyevu ukibaki juu ya nyama ndio unaolibandua ganda ndani ya mafuta. Unga wa ngano upake mwembamba na ukung'ute unaozidi, chovya kwenye yai lililopigwa, laza kwenye chenga na uzikandamize kwa kiganja bila kuzivunja. Aliyezoea kuchovya katlesi ana mkono tayari. Vipumzishe dakika 10 kabla ya kukaanga.

Mafuta yawe na kina cha sentimita tatu na joto la nyuzi 170. Kama huna kipimajoto, dondosha chenga iliyogusa yai: ikizama nusu kisha ikaibuka mara moja, yako tayari. Kaanga viwili kwa wakati mmoja, dakika tatu au nne kila upande. Sikiliza: mwanzo mafuta yananguruma na mapovu ni makubwa, kisha mapovu yanakuwa madogo na mlio unapanda juu. Nyama ikiwa imeiva, katikati inafika nyuzi 74. Simamisha vipande kwenye waya wa kupozea keki, si juu ya karatasi, maana mvuke wa chini hulilowesha ganda. Baada ya dakika tatu, kata kwa kisu kikali ukikandamiza chini, bila kukereza.

Wali upikwe bila mafuta wala chumvi, wenye kushikana kidogo. Mchele wa Kyela unafaa kuliko basmati. Mimina mchuzi pembeni, uguse ncha tu za kuku. Wajapani huweka kachumbari yao tamu, fukujinzuke. Tango jembamba lililolazwa kwenye siki, sukari na chumvi linakaa nafasi hiyo vizuri.

Mchuzi ukibaki, usiulaze kwenye sufuria jikoni. Japani wanapenda sana kari ya siku ya pili, na huonywa kila mara kuhusu bakteria aitwaye Clostridium perfringens, ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa na kuzaliana mchuzi unapopoa polepole. Ugawe kwenye vyombo vifupi, upoe haraka, uingie kwenye friji. Kuku aliyebaki mrudishie ukavu kwenye oveni ya nyuzi 180, dakika kama nane, juu ya waya.