Sumukuvu kwenye mahindi haiishi jikoni

Dada, umeuliza kama mahindi yaliyoota ukungu yakioshwa, yakasagwa na kusongwa ugali, sumu huisha. Haiishi. Sumukuvu hiyo, yaani aflatoksini, sumu itokayo kwenye ukungu, hustahimili joto la sufuria. Ikifika kwenye ini, vimeng'enya vilivyopaswa kuisafisha huigeuza kuwa epoksaidi, kemikali inayonata kwa urahisi, nayo hunasa kwenye guanini (G), mojawapo ya herufi nne za DNA, maandishi ya urithi ndani ya seli. Seli ikijigawa kabla ya kukarabati, G huweza kunakiliwa kama T, herufi nyingine. Kosa hilo likiangukia jeni ya TP53, ambayo ndiyo breki ya seli, saratani ya ini hupata njia. Mwenye homa ya ini B yumo hatarini zaidi, basi kapime. Kama huna, chanjwa.

Mahindi hayo yenye ukungu yatupe. Ng'ombe usimpe, sumu hutokea kwenye maziwa.

Msimu ujao anika juu ya turubai, si udongoni, hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5. Huna kipimo? Tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa dakika 2 hadi 3, acha itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15: rudisha juani.