Maswali yenu ya snuka: Zhao, mzee Williams na fainali ya fremu 35

Tangu fainali ya dunia ya snuka iishe pale Sheffield, Uingereza, tarehe 5 Mei 2025, Zhao Xintong kampiga Mark Williams fremu 18-12 (fremu ni mchezo mmoja mzima wa meza, zinawekwa 35 na anayefika 18 kwanza ndo bingwa), meseji zimemiminika, wengine mnauliza vya msingi kabisa, wengine mmekuja na hasira zenu. Nazijibu nilizoziweza. Wale mnaotaka niwape timu za kuweka kwenye mkeka mtanisamehe, na ukisoma jibu la tatu utajua kwa nini.

*Kaka habari, mimi ni mtu wa pool toka zamani, hivi snuka inatofautiana nini na pool zaidi ya hiyo meza kubwa? (Tandika, Dar)*

Meza kubwa ndo jambo lenyewe bana. Ni futi 12 kwa 6, hizi za kwenye baa zetu nyingi ni futi 7, afu mipira ya snuka ni midogo na midomo ya mashimo imekatwa kwa mviringo, yaani mpira ukigusa ukingo kidogo tu unatemwa nje wakati kwenye pool ungezama bila shida. Nyekundu ziko 15 za pointi moja moja, kisha rangi sita: njano 2, kijani 3, kahawia 4, bluu 5, pinki 6, nyeusi 7. Unaingiza nyekundu, unapiga rangi, rangi inarudishwa mezani, unapiga nyekundu tena, hivyo hivyo mpaka nyekundu ziishe, ndo sasa unamaliza rangi kwa mpangilio kuanzia njano. Ukila nyekundu zote na kila moja ukaifuatisha na nyeusi hiyo ni 15 mara 8, yaani 120, weka na 27 za rangi za mwisho unapata 147 ambayo watu wanaiota. Mark Allen kaipiga 2025 hapo hapo Sheffield.

Ila usiangalie kuingiza peke yake. Nusu ya mchezo ni kumficha mwenzako, unauacha mpira mweupe nyuma ya rangi asione anachotakiwa kupiga, akikosea unapewa wewe pointi, kuanzia 4 mpaka 7. Mtu wa pool akiangalia mara ya kwanza anaona jamaa wanaogopa kupiga, kumbe hapo ndo vita ilipo.

*Naskia Zhao hakuwa hata kwenye orodha ya viwango. Sasa mashindano ya viwango anaingiaje mtu asiye na kiwango, na anachukuaje kombe? (Kisumu)*

Swali zuri sana hili, na watangazaji wengi wanalipita juu juu.

Kwenye snuka ya kulipwa kiwango chako ni hela. Hakuna hesabu nyingine za ajabu, pauni moja uliyoshinda kwenye mashindano ya viwango ni pointi moja, zinajumlishwa za miaka miwili, za zamani zinadondoka mpya zinaingia. Wale 16 wa juu wanaingia moja kwa moja kwenye ubingwa wa dunia, pale ukumbi wa Crucible, na nafasi 16 zilizobaki zinagombewa kwenye mchujo na kila mtu mwingine, wakiwemo wachache wa ridhaa. Zhao alikuwa wa ridhaa kwa sababu alikuwa ametoka kwenye kifungo cha kutocheza (ngoja swali linalofuata). Kwahiyo alianzia chini kabisa, akapiga mechi nne za mchujo, ndo akakanyaga Crucible, halafu akaanza upya na wakubwa: Jak Jones 10-4, Lei Peifan 13-10, Chris Wakelin 13-5, na nusu fainali akampiga Ronnie O'Sullivan 17-7. Kumi na saba kwa saba! Walikuwa 4-4 mapumziko ya kwanza, waliporudi Zhao akachukua fremu zote nane za kipindi cha pili, na mechi ikaisha hata kipindi cha nne hakikuchezwa. Ronnie ana mataji saba ya dunia jamani.

Bingwa anapata pauni 500,000, maana yake pointi 500,000, kwahiyo dogo katoka kwenye kutokuwepo kabisa akatua namba 11 duniani kwa mkupuo mmoja. Hapa mimi nina neno langu. Aliyefungwa fainali anapata 200,000, wa nusu fainali 100,000, wa robo 50,000. Mchezaji anayefika robo fainali kila mahali mwaka mzima, anasafiri, analala hotelini kwa hela yake, anaweza kupitwa na mtu aliyepata wiki mbili nzuri za mwezi wa nne na wa tano. Zhao mwenyewe hana kosa hapo, uwezo anao na kila mtu anajua, UK Championship, shindano jingine kubwa la Uingereza, aliichukua tangu 2021 kwa kumfunga Luca Brecel 10-5. Ila huo mfumo unaegemea sana shindano moja na mimi siupendi.

Waliotoka mchujo wakabeba kombe pale Crucible, ambako wanacheza tangu 1977, mpaka 2025 ni watatu tu: Terry Griffiths 1979, Shaun Murphy 2005, na sasa huyu. Wa ridhaa ni yeye peke yake, na ni bingwa wa kwanza kutoka China.

*Mbona mnamsifia mtu aliyefungiwa kwa kupanga matokeo? Mpira wa miguu mngemsamehe hivyo? (Tanga)*

Ndugu yangu hasira yako naielewa ila tuweke mambo sawa. Mwaka 2023 wachezaji kumi wa China waliadhibiwa. Wawili, Liang Wenbo na Li Hang, wamefungiwa maisha. Yan Bingtao, aliyekuwa bingwa wa shindano kubwa la Masters 2021, alikula miaka mitano. Zhao alipewa miezi 20, na kosa lake lilikuwa kuhusika na mechi mbili alizopanga mchezaji mwenzake na kubet kwenye mechi za snuka. Mechi zake mwenyewe hakupanga hata moja, na adhabu ilipunguzwa kwa sababu alikiri mapema. Kifungo kikaisha Septemba 2024, akarudi kuchezea mashindano ya chini kabisa, kumbi ndogo zisizo na watu.

Kwa mtazamo wangu alilipa alichotakiwa kulipa, basi acheze. Lakini sitakuambia usahau, na wanaoandika habari zake kana kwamba miezi hiyo 20 alikuwa likizo wanakosea. Vyote viwili ni vya kwake, kombe na kifungo. Na ndo maana mambo ya mkeka hapa siyataki, mchezaji wa kulipwa haruhusiwi kubet kwenye mchezo wake hata shilingi, sio suala la kiasi.

*Fremu 35 siku mbili, nani ana muda huo? Na Williams alipokuwa nyuma 17-8 si angempa mkono wakaenda nyumbani? (Zanzibar)*

Hahaha, muda tunao sie tulioharibikiwa.

Sikia, ndo utamu wenyewe huo. Mechi za raundi ya kwanza ni za kufika 10, za pili na robo za kufika 13, nusu fainali 17, fainali 18. Mechi fupi mtu anaweza kubahatisha, akaingiza mipira mitatu ya ajabu akaondoka na ushindi. Kwenye fremu 35 bahati inagawanyika, mwisho wa siku ya pili kinachobaki mezani ni uwezo na pumzi. Fainali ina vipindi vinne. Cha kwanza Zhao 6-2, cha pili 5-4, wakaenda kulala 11-6. Siku ya pili mchana ndo mzee akachinjwa, tena 6-2, ikawa 17-8. Usiku alihitaji kushinda kumi mfululizo.

Akachukua nne! 17-9, 17-10, 17-11, 17-12, ukumbi ule hauingizi hata watu elfu moja lakini kelele ungedhani ni uwanja wa mpira, na mimi najua kabisa haiwezekani ila nikaanza kupiga hesabu. Halafu Zhao akapata nafasi moja akamaliza biashara. Kumpa mwenzako fremu inaruhusiwa, ukiona pointi zilizobaki mezani hazikutoshi unampa mkono inaanza nyingine, ni heshima tu. Ila kutoa mechi nzima ya fainali ya dunia haipo hiyo, na kwa Williams ndo haipo kabisa.

Maana huyu mzee lazima nimseme. Alikuwa na miaka 50, ndo mkubwa kuliko wote waliowahi kucheza fainali pale Crucible, kabla yake rekodi ilikuwa ya Ray Reardon aliyecheza ya 1982 akiwa na 49. Ubingwa anao wa 2000, 2003 na 2018, na ule wa 2018 aliahidi akishinda atafanya mkutano na waandishi akiwa uchi, akashinda, akaja na taulo. Macho yalikuwa yanamsumbua, mwenyewe alisema. Na macho hayo hayo yamemtoa John Higgins 13-12 robo fainali, yakamtoa na namba moja wa dunia wakati huo, Judd Trump, 17-14. Watu wote wanaandika Zhao Zhao, sawa, lakini mashindano haya kwangu mimi yalikuwa ya Williams.

*Bingwa mtetezi Kyren Wilson aliishia wapi? (Arusha)*

Raundi ya kwanza, kafungwa 10-9 na Lei Peifan. Pale Crucible, mpaka 2025, hakuna bingwa wa mara ya kwanza aliyewahi kutetea taji mwaka uliofuata, hata mmoja. Mwaka 2026 ilikuwa zamu ya Zhao.

*Sisi tuko Jeddah, mwaka 2024 walileta snuka huku. Ile ilikuwa ya viwango au maonyesho? (Jeddah)*

Ya Jeddah ilikuwa ya viwango kabisa, Septemba 2024, Trump kamfunga huyo huyo Williams 10-9, na zawadi ya bingwa pauni 500,000 sawa na ya dunia. Unaona sasa nilichosema kuhusu hela na pointi. Ile ya Riyadh, iliyoongezwa mpira wa dhahabu wa pointi 20 ili 147 iwe 167, ilikuwa ya mwaliko, haikuhesabika.

*Hivi Mwafrika amewahi kufika fainali? (Mombasa)*

Amefika. Perrie Mans wa Afrika Kusini, fainali ya dunia 1978, akafungwa na Reardon 25-18, mwaka uliofuata akachukua Masters. Na Silvino Francisco, naye wa huko huko, alishinda British Open 1985 kwa kumfunga Kirk Stevens 12-9, na hiyo ilikuwa ya viwango. Tangu hapo kimya kirefu. Kwetu meza kamili za futi 12 ziko zaidi kwenye klabu za zamani zilizoachwa na Waingereza, na kijana wa mtaani pale haingii hivi hivi, kwahiyo vipaji vyote vinaishia kwenye pool.

*Saa ngapi niwashe TV fainali ya mwakani? (Dodoma)*

Wenzetu wanaanza saa 7 mchana na saa 1 usiku za kwao, kipindi hicho wako nyuma yetu masaa mawili, kwahiyo huku ni saa 9 alasiri na saa 3 usiku, Jumapili na Jumatatu. Ile ya usiku wa Jumatatu ikiwa ngumu inaweza kupita saa 6, Jumanne omba ruhusa kazini mapema.