Mlevi Wako Ananuka Wino: Kwa Wanaoandika Wahusika Wanaokunywa

Wiki iliyopita niliandikiwa na msomaji anayehangaika na riwaya yake ya kwanza. Mhusika wake mkuu amefiwa na mke, amebaki na mtoto mmoja wa kiume, na tangu siku ya mazishi anapiga mtungi kila jioni. "Nimemlewesha karibu kila sura," aliniambia, "lakini wote niliowapa wasome wanasema hawamwamini. Nimekosea wapi?"

Niliusoma ujumbe ule mara nne. Swali hilo niliwahi kuliuliza mwenyewe miaka tisa iliyopita, na aliyenijibu hakuwa na upole hata chembe.

Mswada wangu wa kwanza ulirudishwa na mhariri mmoja ambaye sitamtaja. Hakukuwa na barua ya maana. Pembeni mwa ukurasa fulani tu, kwa kalamu nyekundu, alikuwa ameandika: "Huyu mlevi ananuka wino." Maneno manne. Mlevi yule alikuwa baba yangu. Nilikuwa nimemwandika baba yangu mzazi, mtu niliyelala naye nyumba moja miaka kumi na minane, halafu mtu asiyenijua wala kumjua ananiambia kwamba huyo mtu hayupo. Kinyongo nilichokipata siku ile sijakimaliza mpaka leo.

Ila alisema kweli. Ilinichukua muda mrefu kukubali. Mlevi niliyemwandika alikuwa anayumba, anaimba njiani, anatapika, anafoka, asubuhi analia na kuahidi kuacha. Huyo kila mtu anamjua kwa sababu kila mtu amemsoma. Baba yangu hakuyumba hata siku moja. Alilewa akiwa amekaa wima, shati limefungwa vifungo vyote, na hakupaza sauti.

Alianza baada ya kaka yake mkubwa kufariki. Walikuwa hawasemezani kwa sababu ya mirathi, na mauti yakaja kabla ya suluhu. Baba hakulia msibani, na jina la baba mkubwa halikutajwa tena nyumbani kwetu. Chupa ilitoka kabatini saa moja jioni. Haikuwahi kutoka saa kumi na mbili, wala saa mbili. Nikiwa mtu mzima ndipo mama aliponiambia, huku akikunja nguo, kana kwamba ni jambo dogo: saa moja ndiyo saa ambayo zamani wale ndugu wawili walipigiana simu.

Hapo ndipo nilipoelewa kalamu nyekundu ilikuwa inasema nini. Mimi niliandika kwamba mtu ana huzuni, kwa hiyo anakunywa. Baba yangu alikuwa na saa moja isiyopitika, na alitafuta kitu cha kuivushia.

Ndugu mwandishi, mpe mhusika wako saa hiyo. "Mawazo" hayatoshi. "Matatizo ya kifamilia" hayatoshi. Kila mtu ana mawazo na si kila mtu anakunywa. Pombe ina kazi maalumu katika siku ya mtu huyu: inamsaidia asipige simu, asiingie chumba fulani, asijibu swali la mtoto. Ukiijua kazi hiyo hutahitaji kumlewesha kila sura. Mara mbili zitatosha.

Baada ya hapo, ondoa macho kwake uwaangalie walio nyumbani. Sisi watoto hatukuihesabu chupa, tuliisikiliza glasi. Ya kwanza baba aliirudisha mezani kwa kishindo, kama mtu mwenye haraka. Ya nne aliiweka polepole mno, kama anayemlaza mtoto mchanga. Karatasi za shule za kutiwa sahihi zilipelekwa kati ya ya kwanza na ya pili, na ukichelewa, unasubiri kesho. Hakuna aliyetufundisha. Mdogo wangu alikuwa na miaka sita na alijua.

Mama naye alikuwa anachora mstari mwembamba kwa penseli kwenye lebo ya chupa, mahali pombe ilipoishia. Hakusema neno, alichora tu. Siku moja niliona mistari miwili. Wa chini ulikuwa wa mkono wa baba, umekolezwa, umenyooka: alikuwa amejiwekea mahali pa kuishia jioni ile. Asubuhi nilipoamka pombe ilikuwa chini ya mstari wake kwa vidole vitatu. Mstari ule haukuwemo katika mswada wangu wa kwanza. Niliuacha nje kwa kuona haya, nikaweka matapishi badala yake.

Waandishi wakubwa hawakuona haya. Katika tamthilia ya Eugene O'Neill, Long Day's Journey into Night, baba anakilinda kiwango cha wiski kwa jicho na watoto wake wa kiume wanajazia maji ili asigundue. Kitendo kimoja cha kumimina maji, na tayari unaijua nyumba nzima. Katika Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka 1971, Zakaria ni mlevi na ni mkali, lakini kinachomtisha msomaji hakimo ndani ya chupa, kimo ndani ya maisha ya Rosa, binti yake. Na Coupeau wa Émile Zola, katika L'Assommoir ya 1877, ni fundi wa mapaa asiyetaka hata kuigusa pombe kali, kwa sababu baba yake alikufa kwa kuanguka kutoka juu akiwa amelewa. Naye anakuja kuanguka, akiwa mzima kabisa, hana tone mwilini. Nawaomba mwangalie mahali Zola alipoiingiza pombe. Hakuiweka kwenye ajali. Aliiweka baadaye, katika zile wiki ndefu za kupona, mikono imekaa bure na mtu ana hasira na kazi yake. Mwandishi mvivu angemlewesha siku ile ile aliyoanguka.

Mwili nao haudanganyiki, na hapa wengi wetu tunaandika uongo. Ini huondoa mwilini pombe ya takriban kinywaji kimoja kwa saa, na hakuna cha kuliharakisha. Kwa hiyo usimmwagie mhusika maji baridi na kumpa kahawa halafu kwenye aya inayofuata anaendesha gari vizuri. Kahawa humfumbua macho, haimlevui. Pombe humpa usingizi wa haraka lakini huharibu nusu ya pili ya usiku, ndiyo maana mnywaji huwa macho saa tisa, na yale aliyoyakimbia jioni yamekaa naye kitandani. Saa tisa ile ni sura nzima, iandike! Tena kuna kusahau. Aliyekunywa sana anaweza kuongea, kutembea, hata kutoa ahadi, huku ubongo hauhifadhi chochote. Kesho yake hasingizii, kweli hakumbuki, na mkewe anaona anadanganywa. Nyumba nyingi zimevunjika kwenye pengo hilo.

Asubuhi anazimua, yaani anakunywa kidogo kuondoa uchovu wa jana. Mikono inatulia. Mtu mwenye macho akiuona mkono uliotulia hivyo, anajua shida imefika mbali.

Na ukitaka kumwachisha, naomba sana, acha tukio la kumwaga chupa kwenye sinki na kuamka kesho amepona. Aliyekunywa kwa wingi miaka mingi akikata ghafla, hutetemeka ndani ya saa chache. Degedege linaweza kumpata ndani ya siku mbili za kwanza. Kuanzia siku ya pili au ya tatu anaweza kuweweseka, akaona vitu visivyokuwepo, asijue yuko wapi. Arosto ya pombe huua, na ndiyo maana anayekata anahitaji daktari. Coupeau anaishia hivyo hivyo, akitetemeka na kuweweseka hospitalini. Msomaji wako huenda ana mtu wa namna hiyo nyumbani, na atakachokisoma kwako anaweza kukijaribu. Kalamu yako ina dhamana hiyo, utake usitake. Mimi siamini kwamba hadithi ni hadithi tu. Sijawahi kuamini.

Kwa hiyo narudia, na nitarudia kila nitakapoulizwa: tafuta saa, tafuta kazi ya pombe, tafuta anayeisikiliza glasi. Yote mengine ni wino.

Mwezi uliopita hadithi yangu yenye mistari miwili ya penseli ilikubaliwa kuchapishwa, na mhariri, mwingine kabisa, hakugusa hata koma katika ukurasa ule wa lebo. Nilitamani yule wa kalamu nyekundu angeuona. Nilitamani zaidi baba angeuona.

Yule msomaji nilimjibu kwa swali moja: mhusika wako na mkewe walikuwa wanafanya nini saa ile anayoanza kunywa? Alikaa kimya siku tatu. Jana usiku akaandika: "Mke ndiye aliyekuwa anazunguka kufunga milango. Mume alikuwa anamsubiri kitandani, anasikiliza makomeo moja moja mpaka la mwisho. Sasa mtoto ndiye anayefunga."

Sikuongeza neno. Nilimwambia aanzie hapo.