Klematisi imenyauka ghafla

SWALI: Shikamoo mama. Klematisi yangu, ule mmea wa maua unaotambaa, hapa Milimani, Nakuru, ilikuwa imetambaa ukutani vizuri. Wiki hii matawi mawili yamenyauka, majani yamekuwa meusi. Niing'oe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiing'oe, tafadhali! Dalili hizo ni za ugonjwa wa kuvu. Kata matawi hayo chini ya sehemu iliyonyauka, hata ukifika usawa wa udongo, kisha uyachome. Vaa glavu, utomvu wake huwasha ngozi. Shina likiwa limezikwa sentimita 5 hadi 8, huweza kuchipua tena kutoka chini. Udongo wetu wa Nakuru hupitisha maji upesi, na mizizi hii hupenda ubaridi: tandaza nyasi kavu, lakini zisiguse shina.